Megawati ishirini za Soroti na Tororo: Uganda ilivyotangulia kwenye sola, na mahali ilipokwama

Anayekuja Tororo kwa mara ya kwanza huona mwamba kabla ya kuona mji. Mimi niliyezoea mwamba huo hutazama nyaya. Zinatoka kwenye kituo cha umeme cha Tororo, zinavuka mpaka, zinakwenda mpaka Lessos nchini Kenya. Historia yake ni ndefu kuliko uhuru wetu: mwaka 1955 Uganda iliingia mkataba wa kuiuzia Kenya megawati 30 za umeme wa bwawa la Owen Falls pale Jinja (leo Nalubaale) kwa miaka 50. Miaka sitini na kidogo baadaye, katika wilaya hii hii, zikatandazwa paneli za kutosha kuzalisha megawati 10 za jua.

Shamba la sola na nyaya za kwenda Kenya ni majirani, lakini sera yetu imeviendesha kama vitu visivyojuana. Nimesoma mikataba na taarifa za sekta hii kwa miaka kadhaa, na kila nikirudi kwenye kisa cha Soroti na Tororo naona kimebeba karibu kila kitu ambacho Uganda ilifanya vizuri, na karibu kila kitu ilichoacha nusu njia.

Kabla ya zabuni

Aliyekuwa mtu mzima mwaka 2005 na 2006 hahitaji kuelezwa mgao wa umeme. Kina cha Ziwa Nyanza (Victoria) kilishuka kwa zaidi ya mita moja katika miaka michache, mitambo ya Nalubaale na Kiira pale Jinja ikakosa maji ya kuizungusha, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Vinyozi walifunga vibanda mchana. Wenye mashine za kusaga wakawa wanaamka usiku wa manane kwa sababu ndipo umeme uliporudi. Bujagali, yenye megawati 250, ilipokamilika mwaka 2012, nchi ilipumua, ila kila mtu katika wizara alijua kwamba mabwawa makubwa yaliyofuata, Isimba na Karuma, yangechukua miaka mingi.

Pengo hilo lilihitaji mitambo midogo inayojengwa haraka na watu binafsi. Wawekezaji walikuwepo, ila waliogopa. Tangu Bodi ya Umeme ya Uganda ilipovunjwa mwaka 2001 na kazi zake kugawanywa, umeme wa gridi una mnunuzi mmoja wa jumla, nayo ni kampuni ya serikali ya usafirishaji, UETCL. Benki ya Ulaya ikiombwa mkopo wa kujenga mtambo Soroti, haiulizi kwanza kama jua la Teso ni kali. Inauliza UETCL ikichelewa kulipa itakuwaje, nyaya zisipofika kwa wakati itakuwaje, shilingi ikianguka itakuwaje.

Tarehe 31 Mei 2013 ndipo mpango wa GET FiT, wa kuwatoa hofu wawekezaji hao, ulipozinduliwa. Waliouasisi ni serikali ya Uganda, Mamlaka ya Kudhibiti Umeme (ERA) na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, na fedha zikatoka Ujerumani, Uingereza, Norway na Umoja wa Ulaya. Sehemu kubwa ya mpango ilikwenda kwenye mitambo midogo ya maji. Kwa sola waliamua njia tofauti: badala ya ERA kutangaza bei na kusubiri waje, waliitisha zabuni, na mwenye bei ya chini ndiye achukue. Mwishoni mwa mwaka 2014 washindi wakajulikana: megawati 10 Soroti na megawati 10 Tororo.

Bei iliyopatikana ilikuwa senti 16.37 za dola kwa yuniti (kilowati-saa moja). Kwa macho ya leo ni bei ya juu sana, lakini mnunuzi hakuilipa yote. UETCL ilitakiwa kutoa senti 11, na senti 5.37 zilizobaki zilizibwa na fedha za Umoja wa Ulaya. Mwenye mtambo alipata bei iliyomtosha kulipa mkopo, mwananchi wa Uganda hakubebeshwa mzigo wote kwenye Yaka yake (mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia), na serikali ikajifunza ujenzi wa mashamba ya sola kwa ruzuku ya wengine.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye ruzuku, kana kwamba fedha za Wazungu ndizo zilizofanya kazi yote. Mimi nadhani kilichofanya kazi zaidi ni makaratasi. Kabla ya GET FiT, kila mwekezaji alikuwa anakaa na mawakili wa serikali kujadili mkataba wake upya, kifungu kwa kifungu, na mazungumzo hayo yaliweza kula miaka. Mpango ulileta mkataba mmoja wa kununua umeme wa miaka 20 uliokwisha kupitishwa, na pembeni yake mkataba wa utekelezaji ulioibana serikali yenyewe. Hatari iligawanywa kwa maandishi. Gridi ikishindwa kupokea umeme kwa kosa lisilo la mwenye mtambo, atalipwa kana kwamba umeme ule umeuzwa. Mtambo ukiharibika kwa uzembe wake, hasara ni yake. Kwa hiyo wakopeshaji kama FMO, benki ya maendeleo ya Uholanzi, na mfuko wa miundombinu wa EAIF walikuta maswali yao yamejibiwa kabla hawajayauliza.

Mtambo wa Soroti, pale Opuyo, ulifunguliwa Desemba 2016, na wa Tororo ukafuata mwaka 2017. Wakati ule Soroti ilikuwa ndiyo sola kubwa kuliko zote iliyounganishwa na gridi Afrika Mashariki.

Majirani walipita njia gani

Rwanda ilitutangulia kwa tarehe. Mtambo wa Rwamagana wa megawati 8.5, uliojengwa katika ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, ulianza kutoa umeme mwaka 2014. Ulijengwa upesi kwa sababu ulikuwa mradi mmoja, mwekezaji mmoja na serikali inayofanya uamuzi haraka. Lakini haukuacha mlango ambao mwekezaji wa pili na wa tatu wangepitia kwa masharti yale yale. Baadaye Kigali iliweka nguvu zake nyingi kwenye sola ya majumbani na kwenye gesi ya methane ya Ziwa Kivu.

Kenya ilikwenda kwa miguu miwili. Garissa, megawati 54.6, ilijengwa na serikali kwa mkopo wa China ikafunguliwa Desemba 2019. Sambamba na hiyo, wawekezaji binafsi walipewa mikataba ya bei iliyotangazwa, senti 12, na mitambo ya aina ya Malindi na ile ya Eldoret ikaanza kuzalisha kuanzia 2021. Kenya ilijenga nyingi kutuzidi, lakini ilijibana yenyewe: mikataba ilirundikana hadi mwaka 2021 serikali ikasimamisha mipya ili ichunguze bei. Na kwenye mradi wa upepo wa Turkana ililazimika kulipa fidia kwa sababu mitambo ilikuwa tayari mapema 2017 na njia ya kusafirisha umeme ikakamilika 2018. Waganda wanaoitolea Kenya mfano wasiache kusimulia sehemu hiyo.

Tanzania haikuwa na haraka. Mradi wa Kishapu mkoani Shinyanga, uliopangwa kufika megawati 150 na kuanza na 50, ulitiwa sahihi na mkandarasi mwaka 2023, kwa mkopo wa Ufaransa na TANESCO ikiwa mmiliki. Nchi yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 inaweza kusubiri. Burundi nayo, pamoja na udogo wa uchumi wake, ilipata Mubuga, megawati 7.5, mwaka 2021.

Ukiwaweka wote mezani, jua halitenganishi nchi hizi, kwa kuwa linawaka Shinyanga, Garissa na Soroti kwa kiwango ambacho mwekezaji hatahama nchi kwa sababu yake. Zinatofautiana kwa jinsi hatari ilivyobebwa: Tanzania imeibeba yote serikalini, Rwanda iliibeba kwa mradi mmoja mmoja, Kenya iliibeba kwa haraka kisha ikaogopa. Mwaka 2014 Uganda ndiyo iliyokuwa na jibu lililopangika kuliko wote, na lilikuwa jibu la kurudiwa. Halikurudiwa.

Mabwawa yalipofika

Mwaka 2019 ndio mwaka wa kugeuka. Januari ulifunguliwa mtambo wa Kabulasoke wilayani Gomba, megawati 20, na mwaka huo huo Bufulubi wilayani Mayuge, megawati 10. Jumla ya sola ya gridi ikawa megawati 50. Machi ikafunguliwa Isimba, megawati 183, na nyuma yake ilikuwa inakuja Karuma, megawati 600, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2024.

Ghafla nchi iliyokuwa inatafuta umeme kwa tochi ikawa na umeme usio na mtumiaji, hasa mchana na usiku wa manane. Kile kifungu cha kulipa umeme usiopokelewa, kilichowavuta wakopeshaji wakati wa uhaba, kikawa mwiba wakati wa ziada. Mitambo ya maji ya Achwa huko kaskazini ilikuwa tayari wakati njia kubwa ya kuusafirisha umeme wake haijakamilika, na mkataba ulisema lazima kulipa. Ofisa wa hazina aliyekwisha kuona hati ya madai ya namna hiyo, akiletewa mkataba mwingine wa sola unaozalisha saa sita mchana wakati Karuma ina maji ya kutosha, ataukataa. Hesabu yake ni sahihi na simlaumu.

Ninacholaumu ni kwamba aliletewa mkataba ule ule. Mwaka 2014 swali lilikuwa umeme wowote, saa yoyote, upesi. Mwaka 2019 swali likawa umeme wa saa gani na mahali gani. Mkataba ulibaki wa swali la kwanza. Badala ya kuuandika upya tuliuweka kabatini, na watu waliokuwa wamejifunza kuendesha zabuni ndani ya ERA na wizarani wakapewa kazi nyingine au wakaondoka. Ujuzi wa kuendesha zabuni hauhifadhiki bila kutumika.

Kuna jambo jingine lililofichwa na neno "ziada". Umeme ulikuwa mwingi Karuma na Jinja, si Karamoja wala vijiji vya Teso. Utafiti wa kitaifa wa kaya wa mwaka 2019/20 ulikuta asilimia 19 ya kaya za Uganda zinatumia gridi na asilimia 38 zinatumia sola ya nyumbani, kuanzia taa ndogo ya kuning'iniza hadi mfumo wenye redio na televisheni. Kwa hiyo wakati wataalamu wanabishana kama nchi inahitaji sola zaidi, mwananchi alikuwa ameshaamua, na aliamua mara mbili ya gridi.

Sola iliyo juu ya mabati

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ushindani wa kikanda unapogusa mtu wa kawaida, na ndipo sera inapoumiza haraka.

Biashara ya sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu ilishamiri Kenya na Uganda kwa pamoja. Kampuni ya Fenix ilianzia Uganda, ya M-KOPA ilianzia Kenya ikavuka kuja huku. Mama wa Busia analipa kwa siku kiasi kinacholingana na alichokuwa ananunulia mafuta ya taa, na asipolipa taa inajizima mpaka alipe. Biashara hiyo yote imesimama juu ya pesa za simu. Julai 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu, ilikuwa imeitoza sola ya maskini bila kuitaja. Novemba mwaka huo kodi ilipunguzwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu, lakini miezi ile kati kati ilifundisha kampuni nyingi kwamba sera ya nishati haiandikwi wizara ya nishati peke yake.

Kenya nayo ilijikwaa. Sheria yake ya fedha ya mwaka 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwenye vifaa vya sola, kisha mwaka 2021 ikaurudisha. Kwa mwaka huo mmoja mafundi wa upande wetu wa mpaka walikuwa na nafasi adimu, kwa sababu sheria yetu ya VAT inasamehe paneli, betri za kuchajiwa zinazotumika kwenye sola, na taa zake. Lakini orodha inayotaja kifaa kwa jina ina shida yake. Paneli haina ubishi. Inveta, pampu, nyaya na chuma cha kufungia paneli juu ya bati vinategemea nani anasoma karatasi siku hiyo. Jamaa yangu, fundi wa miaka mingi, aliwahi kukaa wiki mbili akisubiri mtu aamue kama inveta zake ni za sola au ni vifaa vya umeme vya kawaida. Alikuwa amekwisha kula malipo ya awali ya mteja, shule moja ya msingi, na alilazimika kukopa ili asivunje ahadi. Ni hasara ndogo kwa takwimu za taifa. Kwake ilikuwa faida ya muhula mzima.

Nchi mbili zilizo katika umoja mmoja wa forodha zikibadilisha msamaha wa kodi kwa zamu, anayefaidi ni mwenye ghala kubwa anayeweza kusubiri. Fundi mwenye mtaji wa paneli kumi hawezi. Kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ingekubaliana orodha moja ya vifaa vya sola, kamili, na kuahidi kutoigusa kwa miaka mitano, ingesaidia ajira za vijana wa mipakani, Malaba na Mutukula, kuliko mikutano mingi ya wawekezaji.

Soko limehama kwenye saa za jioni

Turudi kwenye zile nyaya za Tororo. Zamani Kenya ilinunua kwetu kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa jirani na umeme wa kuuza. Leo sivyo. Tangu 2022 njia ya kilovolti 500 inaleta umeme wa Ethiopia nchini Kenya, ikianza na megawati 200 kwa senti 6.5 kwa yuniti. Desemba 2024 Kenya na Tanzania ziliunganishwa kwa njia ya kilovolti 400. Bwawa kubwa la Ethiopia kwenye Nile ya Bluu, megawati 5,150, lilizinduliwa Septemba 2025. Anayetaka kuuza umeme wa maji wa mchana katika ukanda huu sasa anapanga foleni.

Uganda bado inauza Kenya, na mkoa wa Kagera nchini Tanzania umetegemea nyaya zetu kwa miaka mingi. Lakini bidhaa inayopungukiwa kila mahali ni umeme wa kati ya saa 12 jioni na saa 5 usiku, watu wanaporudi nyumbani, na umeme wa mwaka wa ukame. Kwenye bidhaa hiyo Uganda ina kitu ambacho wengi hawana: ziwa lenyewe, mlangoni pa mitambo ya Jinja.

Paneli zikifanya kazi mchana, maji ambayo yangepita saa hizo yanaweza kupitishwa jioni. Kuna kikomo, na mwenye kuandika kuhusu hili bila kukitaja anadanganya: maji yanayotoka ziwani yamewekewa kiwango kulingana na kina cha ziwa, kwa mapatano ya tangu enzi za Owen Falls, na Misri inayafuatilia. Huwezi kuhifadhi maji ya mwezi. Kuhamisha saa ndani ya siku moja ni jambo jingine, na ndilo linalohitajika.

Sababu ya pili ni usalama. Nalubaale na Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma zimefuatana kwenye mto mmoja. Ukizijumlisha ni megawati 1,413 zinazokunywa maji yale yale. Aprili 2020 kisiwa cha majani kinachoelea kilisukumwa mpaka kwenye mitambo ya Nalubaale na nchi nzima ikawa giza. Agosti 2022 maji yaliingia kwenye jengo la mitambo la Isimba na mtambo ukazimwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji ukame. Siku ukame wa 2006 utakaporudi, mitambo yote mitano itapungua pamoja, na siku za ukame ndizo siku ambazo paneli za Soroti hufanya kazi vizuri.

Kwa hiyo zabuni inayofuata isinunue megawati. Inunue yuniti zinazofika jioni, mahali palipotajwa. Mshindani atajua mwenyewe kama atatumia betri, au ataweka paneli karibu na kituo kilicho mwisho wa njia ndefu ambako umeme hufika ukiwa dhaifu, kama ilivyo sehemu nyingi za kaskazini mashariki. Malipo ya umeme usiopokelewa yabaki, kwa sababu bila hayo hakuna benki itakayokuja, lakini yahusu saa za jioni peke yake. Umeme wa saa saba mchana ambao gridi haikuuhitaji iwe hasara ya muuzaji au auuze Kenya kupitia soko la EAPP, muungano wa gridi za ukanda ulioanzishwa mwaka 2005 na makao yake yako Addis Ababa. Kwa masharti hayo ofisa wa hazina niliyemtetea hapo juu atakuwa na sababu ya kutia sahihi.

Wakati ni mzuri kwa jambo moja. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi ya usambazaji iliyoitwa Umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025, na usambazaji umerudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Mnunuzi wa jumla na msambazaji sasa wako chini ya mwenye mali mmoja, na haya mambo ya saa na mahali yanaweza kupangwa kwa pamoja kuliko ilivyowezekana kwa miaka ishirini.

Pa kuanzia hapahitaji ardhi mpya wala njia mpya. Mkataba wa Soroti utaisha karibu na mwaka 2036, wa Tororo mwaka mmoja baadaye. Paneli zitakuwa zimechoka kidogo tu, kituo cha kuunganisha kitakuwepo, na mkopo utakuwa umelipwa. Wenye mitambo hiyo wanataka miaka zaidi. ERA inaweza kuwaita sasa, wakati bado kuna miaka kumi ya kujadiliana, iwape nyongeza ya muda kwa sharti la kuweka betri Opuyo na Tororo na kushusha bei. Mazungumzo yaanze na yuniti ya saa 2 usiku: itauzwa senti ngapi, na kati ya UETCL na mnunuzi wa Lessos, nani atakayeilipia.